John Boyd Orr: Tabibu wa Maziwa na Mifupa ya Watoto

Ni wachache miongoni mwa wasomaji wetu wa Pwani watakaolitambua mara moja jina la John Boyd Orr, ingawaje zamani alikuwa mtu mashuhuri duniani. Mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia chakula na kilimo, yaani FAO. Wazee waliokuwa wakisoma magazeti ya siku hizo huenda wakaikumbuka picha yake, mzee mwembamba mwenye nyusi nene zilizomtoka mbele kama ukingo wa paa la makuti. Lakini hatumtaji leo kwa ajili ya tuzo wala cheo. Tunamtaja kwa kuwa umri wake mwingi aliutumia kulitafutia jawabu swali ambalo kila mzazi hujiuliza: mtoto ale nini ili apate mifupa imara na siha njema? Na katika kulitafuta jawabu hilo alifika mpaka hapa Kenya, ambako alipatia jambo moja na, kwa maoni yetu, akakosea jingine.

Wengi wetu tuna jamaa walioko bara, huko Ruiru na Thika, waliofuata kazi za viwandani, biashara au masomo. Aliyewahi kuwatembelea karibuni ameona jinsi miji hiyo miwili ilivyobadilika. Tangu ile barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, mashamba ya kahawa yamekuwa yakikatwa viwanja, na majumba ya ghorofa yameota yakasongamana hata dirisha la huyu hutazama ukuta wa yule. Mama hutoka alfajiri kwenda kazini, na mtoto mchanga hushinda na yaya ndani ya chumba, ghorofa ya nne au ya tano. Ifikapo Juni, Julai na Agosti, wingu hutanda huko Kiambu siku baada ya siku, na kitoto hufungwa mashuka mpaka hubaki pua tu. Mtoto wa namna hiyo akifika mwaka mmoja na nusu, akasimama, mara nyingine huonekana miguu imepinda kama upinde na vifundo vya mikono vimenenepa. Majirani husema amerithi kwa babu yake, au alisimamishwa kabla ya wakati wake. Yawezekana sana kwamba hayo si ya babu wala ya haraka. Ni maradhi ya matege, na hayo ndiyo maradhi yaliyokuwa yakiwapinda watoto wa mji ule aliosomea Bwana Orr.

Orr alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, huko Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe, mtu mcha Mungu sana wa dini ya Kikristo, na nyumba yao ilijaa vitabu. Wana walikuwa saba, wanaume wanne na wanawake watatu. Orr alipokuwa na umri wa miaka mitano, jahazi la baba yake lilipotea baharini. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo, maana chombo kikizama huzama na mali ya ukoo. Nyumba ikauzwa, wakahamia West Kilbride, kijiji cha kandokando ya bahari, na huko ndiko mtoto huyo alikokulia. Alipotimiza miaka 13 alipata msaada wa masomo akapelekwa shule ya mjini Kilmarnock, lakini kwa kuwa babake alikuwa na machimbo karibu na hapo, kijana alipenda zaidi kukaa na wapasua mawe kuliko na walimu. Akarudishwa nyumbani.

Baadaye alisomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na akapangiwa kufundisha katika mitaa ya maskini ya mji huo. Glasgow siku hizo ulikuwa mji wa viwanda na meli, na moshi wake uliziba jua mchana kutwa. Darasani aliwakuta watoto wasio na viatu, wenye njaa, nguo zimewachanika, na chawa wanawatambaa. Orr aliona hawezi kumfundisha hesabu mtoto ambaye hajala, na baada ya siku chache akaiacha kazi hiyo. Akaenda kufundisha kwingine kwa muda wa miaka mitatu, lakini hapana shaka wale watoto hawakumtoka moyoni, kwani alirudi Glasgow akaanza masomo upya, safari hii ya utabibu. Alihitimu mwaka 1912. Kwa vile alikuwa na deni la benki, akajiandikisha kuwa daktari wa meli iliyofanya biashara baina ya Uskoti na Afrika ya Magharibi, akasafiri miezi minne mpaka deni likaisha.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo tueleze mjadala mkubwa uliokuwapo Glasgow wakati huo, maana ndio ulio kiini cha habari yetu. Matege yalikuwa yameenea mjini mle hata miguu iliyopinda ilikuwa jambo la kawaida barabarani. Na kwa wasichana dhara lake lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu mifupa ya nyonga ilipinda pia, na msichana akikua na kuolewa, uzazi ulimwia wa hatari. Profesa mmoja aliyemfundisha Orr, Noel Paton, pamoja na mwenzake Leonard Findlay, waliamini kwamba sababu ni kufungiwa ndani, bila ya hewa safi wala mchezo. Findlay aliwafungia watoto wa mbwa mwaka 1908, akaona wamepata matege. Lakini huko London tabibu mwingine, Edward Mellanby, alikuwa na rai tofauti. Naye alitumia watoto wa mbwa, akawalisha uji wa oti, chakula walichokipenda sana Waskoti, akaona mifupa imelegea. Kisha akawapa mafuta yaliyokamuliwa katika ini la samaki wa bahari ya baridi, na mifupa ikapona. Habari hizo alizitangaza mwaka 1918 na 1919. Basi wa Glasgow wakasema ni jua na hewa, wa London wakasema ni chakula, na kila upande ukawa na mbwa wake wa kutolea ushahidi.

Mafuta hayo ya samaki yalikuwa na harufu ambayo mtoto wa Kizungu aliyeyanywa hakuisahau mpaka uzeeni. Msomaji wa Pwani anayetaka kuielewa na akumbuke sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa majahazi na mashua. Wavuvi wa Ulaya ya kaskazini walikuwa wakiwapa watoto wao mafuta ya samaki tangu zamani, bila kujua kwa nini yanafaa.

Ugomvi huo ulisuluhishwa na mwanamke. Bibi Harriette Chick alikwenda Vienna, Austria, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati mji ule ulipokuwa na njaa kali na hospitali zake zimejaa watoto wenye matege. Kuanzia mwaka 1919 hadi 1922 yeye na wenzake waliwaangalia watoto wachanga hospitalini kwa uangalifu mkubwa. Waliopewa mafuta ya samaki walipona. Na waliotolewa nje wakaota jua, au wakamulikwa kwa taa maalumu, walipona vilevile, ingawa chakula chao hakikubadilishwa. Kumbe pande zote mbili zilikuwa na haki! Kitu kile kilichomo katika mafuta ya samaki ndicho mwili unachokitengeneza wenyewe katika ngozi inapopigwa na jua. Mwaka uo huo wa 1922, Mmarekani Elmer McCollum alikipa jina tunalolitumia mpaka leo, vitamini D. Kazi yake ni kuufanya utumbo upokee madini ya kalsiamu yaliyomo katika chakula. Bila ya vitamini hiyo, mtoto aweza kunywa maziwa mengi na mifupa isifaidike vya kutosha. Na bila ya kalsiamu, jua peke yake halijengi mfupa, kama vile fundi hodari asivyoweza kujenga nyumba bila ya mawe.

Tumrudie Orr. Mwaka 1914 alipelekwa Aberdeen akasimamie taasisi mpya ya kuchunguza lishe, na alipofika akakuta taasisi yenyewe ni jina tu. Kabla hajaijenga, vita vikaanza. Alikwenda vitani kama daktari wa jeshi na akarudi na nishani mbili za ushujaa. Katikati ya vita, mwaka 1915, alimwoa Bi Elizabeth Callum, ambaye walijuana tangu ujana wao West Kilbride. Walijaaliwa wana watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja. Vita vilipokwisha akaanza kuwazungukia matajiri akiomba fedha, na mmoja wao, John Rowett, akatoa kiasi kikubwa. Taasisi ikafunguliwa mwaka 1922 na ikapewa jina la tajiri huyo.

Kazi ya kwanza ya Orr pale haikuwa juu ya watu bali juu ya mifugo. Alitaka kujua kwa nini kondoo na ng'ombe wa malisho fulani hudhoofika ilhali nyasi zipo tele, na jibu alilolipata ni upungufu wa madini katika udongo na nyasi. Jambo hilo ndilo lililomfungulia mlango wa Kenya. Walowezi wa Kizungu walikuwa wakipoteza ng'ombe katika malisho ya Bonde la Ufa, na Orr akaja kutazama katikati ya miaka ya 1920. Alipokuwa hapa akakutana na Daktari John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya serikali ya kikoloni. Wakaulizana: ikiwa ng'ombe hutofautiana kwa malisho, je, watu? Wakawachagua Wamasai, ambao chakula chao kilikuwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, ambao chakula chao kilikuwa mahindi, mtama, viazi, ndizi na kunde. Madaktari wakapima maelfu ya watu, urefu, uzito na nguvu za misuli, wakatazama meno na mifupa.

Ripoti yao ilitolewa mwaka 1931 na ikasomwa sana. Ilionyesha kwamba mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimpita wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na kwamba nguvu zake zilizidi kwa nusu. Kwa Wakikuyu walikuta zaidi mifupa iliyopinda, meno mabovu, upungufu wa damu, vidonda na maradhi ya kifua. Wamasai nao walikuwa na yao, hasa maumivu ya viungo na kufunga choo. Tena kulikuwa na jambo la ajabu. Tofauti baina ya wanawake wa makabila hayo mawili ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume. Orr na Gilks waliieleza kwa mboga: mwanamke wa Kikuyu alikula majani mabichi kwa wingi, ambayo yana kalsiamu, na wanaume hawakuyajali. Mwanamke aliyekula mchicha wa shambani mwake alikuwa akimjengea mifupa mtoto aliyemo tumboni bila ya kuambiwa na daktari yeyote.

Hapa ndipo Orr alipopatia. Alitambua kwamba chini ya jua la ikweta, mahali ambapo mtu angedhani matege hayawezi kufika, mifupa huweza kupinda kwa chakula kisichokuwa na madini ya kutosha.

Lakini kuna jambo ambalo ripoti ile haikulipima kwa mizani. Wakikuyu wale hawakuwa wakila vile tangu enzi za mababu. Kuanzia Ruiru kwenda Thika, ardhi nzuri ilikuwa imekwishachukuliwa na walowezi na kufanywa mashamba ya kahawa na katani. Reli ya Thika ilifika mwaka 1913, na mazao yakawa yanateremka mpaka bandarini Kilindini yakaliwe na kuvaliwa Ulaya. Mwenyeji alitakiwa kulipa kodi ya nyumba na ya kichwa kwa fedha taslimu, na fedha hizo hakuzipata ila kwa kwenda kufanya kazi katika mashamba yaleyale, akiwa na kipande shingoni. Chakula alichopewa huko kilikuwa posho, ratili 2 hivi za unga wa mahindi kwa siku. Kiswahili chetu kililitumia neno hilo kwa maana ya riziki ya kazi, na huko bara likashikamana na unga wenyewe. Bwana Harry Thuku, mtu wa Kiambu, alipopaza sauti juu ya kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa mwezi wa Machi 1922 akapelekwa kifungoni Kismayu.

Mahindi yenyewe, tena, yalikuwa yakizidi kuchukua nafasi ya nafaka za kale, mathalan wimbi na mawele. Wataalamu wa leo wametupa hesabu. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, na unga wa mahindi wa uzito huohuo hauna hata 20. Mtoto aliyekuwa akinyweshwa uji wa wimbi akabadilishiwa uji wa mahindi alipokonywa mawe ya nyumba yake kimyakimya. Mwanahistoria Cynthia Brantley, aliyeirejea ripoti ile mwaka 1997, ameeleza jinsi ilivyoyaacha mengi ya namna hiyo. Hata ulinganishaji wenyewe una kasoro, kwani Wamasai na Wakikuyu hawatofautiani kwa chakula tu, na urefu wa mtu hutoka pia kwa wazazi wake. Orr na Gilks waliona sahani, hawakuuliza ni nani aliyeipunguza.

Ajabu ni kwamba swali hilohilo ambalo hakuliuliza Kenya, Orr aliliuliza kwao kwa ukali kabisa. Mnamo mwaka 1927 alifanya majaribio katika shule za miji saba ya Uskoti na Ireland ya Kaskazini, akawagawia watoto maziwa kila siku kwa muda wa miezi saba. Watoto hao walikua, kwa urefu na uzito, kwa kiasi cha asilimia 20 zaidi ya wenzao wasiopewa. Kisha mwaka 1936 akatoa kitabu juu ya chakula, siha na mapato, kilichowatikisa wakubwa wa London. Alionyesha kwamba karibu nusu ya watu wa Uingereza, taifa lililokuwa likitawala robo ya dunia, hawakuwa na uwezo wa kununua chakula cha kuwatosha kwa siha njema. Hakuwalaumu akina mama kwamba hawajui kupika. Alisema wazi kwamba ni umaskini. Mzungu maskini wa Glasgow alipata wakili. Mkikuyu wa shamba la Ruiru alipata tepu ya kupimia.

Vita vya Pili vilipozuka, Orr aliketi katika kamati ya wataalamu walioishauri serikali yake juu ya chakula. Kwa mara ya kwanza nchi ile iligawa chakula kwa mahitaji ya mwili badala ya ukubwa wa mfuko. Tangu mwaka 1940 wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 walipewa maziwa kwa bei ndogo au bure, na baadaye kidogo wakaongezewa mafuta ya samaki kwa ajili ya vitamini A na D, pamoja na maji ya machungwa. Ingawa mabomu yalikuwa yakianguka, vifo vya watoto wachanga vilipungua. Lakini Orr mwenyewe vita vilimwachia jeraha, kwani mwanawe wa pekee, Donald, aliuawa vitani mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 21.

Mpango ule una fundisho jingine ambalo wazazi wa leo wanafaa kulijua. Baada ya vita, Waingereza walitia vitamini D katika maziwa ya unga, katika nafaka za watoto, na bado mafuta ya samaki yakaendelea kunywewa. Katika miaka ya 1950 wakaanza kuonekana watoto wachanga waliokuwa wakitapika, hawataki kula, wanakonda, na damu yao imezidi kalsiamu. Mwaka 1957 serikali ikapunguza kiasi kilichotiwa. Vitamini hii haifanani na maji ya machungwa ambayo yakizidi hutoka kwa mkojo. Hii hukaa katika mafuta ya mwili, na ikizidi mno hudhuru figo.

Siku hizi mafuta yenye harufu yamewapisha matone, na yanapatikana katika maduka ya dawa ya Thika na Mombasa sawasawa. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliokubaliana juu ya matege mwaka 2016 walipendekeza kila mtoto mchanga apate vipimo 400 vya vitamini D kwa siku mpaka atimize mwaka, awe ananyonya maziwa ya mama au ya kopo. Jambo hili lisimtie mama wasiwasi juu ya maziwa yake. Kunyonyesha miaka miwili kamili ni jambo tulilofundishwa katika Suratul Baqara, na hakuna daktari wa maana atakayelipinga. Ila maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana vitamini D kidogo sana, kwa sababu mtoto alikusudiwa kuipata nyingine juani. Chupa nazo hazilingani. Kuna ambayo tone moja hutosha, na kuna inayotaka matone kadhaa, kwa hiyo ni lazima kusoma karatasi yake au kumwuliza mwuguzi wa kliniki, wala haifai kuchanganya chupa mbili kwa kudhani kwamba nyingi ndiyo bora.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Ulaya. Mwaka 2014 watu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha habari za watoto wenye matege katika mtaa wa Kibera, Nairobi, pasipo theluji wala moshi wa Glasgow. Chumba cha Kibera hakina tofauti kubwa na chumba cha ghorofa ya nne cha Ruiru, kwani vyote viwili havipati jua. Na wala kumweka mtoto nyuma ya dirisha lililofungwa hakusaidii, maana kioo huruhusu mwanga na joto lakini huzuia ile miale inayotengeneza vitamini. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Hata sisi wa Pwani tusijione tumesalimika. Mama anayeshinda ndani, na akitoka amejifunika kwa buibui kama ipasavyo, huenda yeye mwenyewe akawa na upungufu na akamzaa mtoto mwenye akiba ndogo. Ua wa nyuma wa nyumba zetu za zamani, alikokaa mwanamke na mwanawe kwa sitara huku jua likiwapiga, ulikuwa na faida ambayo majumba mapya yameisahau. Ama kwa chakula, vibua na jodari vina vitamini hiyo, na dagaa anayeliwa na mifupa yake humpa mtoto kalsiamu. Ajabu ni kwamba jamaa zetu wakishahamia bara huviacha vitu hivyo, wakafuata chai ya maziwa na mkate.

Na kwa kuwa tumetaja maziwa, waliosoma shule za msingi kuanzia mwaka 1979 watayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa bure nchini kote kwa amri ya Rais Moi. Watoto wa Thika na wa Lamu waliyanywa vilevile, mpaka mpango ulipofifia mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni mfano uleule wa maziwa ya shule ambao Orr aliupima kule Uskoti mwaka 1927.

Baada ya vita Orr alikuwa ameshachoka na serikali, lakini mwezi wa Oktoba 1945 alikwenda Quebec, Kanada, kwenye mkutano wa kuanzisha FAO, na bila ya kutazamia akachaguliwa kuwa mkurugenzi mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 65. Akapendekeza iundwe bodi ya chakula ya dunia nzima, itakayonunua nafaka wakati wa neema na kuiweka ghalani, iiuze wakati wa dhiki, izuie bei zisipande na kushuka ovyo, na izikopeshe nchi maskini ziweze kulima. Kwa mtu aliyekuwa ameisoma Kenya kwa tepu, hapa alikuwa ameshafika mbali. Lakini Marekani na Uingereza zilikataa, kwa kuwa hazikutaka biashara ya chakula ishikwe na mkono mwingine, na mwaka 1948 Orr akaondoka. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Nobel, nazo fedha zake akazitoa kwa vyama vya kutetea amani. Mwaka huohuo mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha ubwana, na ndipo alipojulikana kwa jina la Lord Boyd Orr.

Alifariki nyumbani kwake, Angus, Uskoti, tarehe 25 Juni 1971, akiwa na umri wa miaka 90. Katika taasisi yake ya Aberdeen aliacha makaratasi ya uchunguzi mmoja mkubwa wa mwaka 1937 hadi 1939, yenye habari za zaidi ya familia 1,300 za Uingereza, yaani urefu na uzito wa watoto, na chakula kilicholiwa nyumbani mwao. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Bristol waliyafukua, wakawatafuta watoto hao mmoja mmoja kwa majina, ambao sasa walikuwa wazee, ili wajue chakula cha utotoni kiliwafanyia nini katika mioyo na mifupa yao.